Bei ya mshumaa wa mkono: uanzie kwenye gharama, sokoni au kwa mteja?

Chukua bidhaa tatu zinazotoka jiko moja, tuseme pale Shangani, Mtwara. Ya kwanza ni pakiti ya mishumaa sita myeupe ya kuwasha umeme ukikatika. Ya pili ni mshumaa wa glasi wenye harufu ya asumini. Ya tatu ni kifuu cha nazi kilichojazwa nta yenye mafuta ya mchaichai. Watengenezaji wengi huzipangia zote bei kwa kanuni moja: gharama na asilimia ileile ya faida juu yake. Basi pakiti inakosa mnunuzi, glasi inauzwa bei ya kutupa, na kifuu hesabu yake ilishakosewa kabla hata ya kuongezewa faida.

Njia za kupanga bei zinazotumika ni tatu: kuhesabu gharama na kuongeza faida, kufuata bei ya soko, na kuangalia mteja huyu yuko tayari kulipa kiasi gani kwa kile anachokipata. Hakuna iliyo bora kwa kila mshumaa. Ila zote zinahitaji gharama ijulikane kwanza, kwa sababu gharama ndiyo inayokuambia bei usiyotakiwa kuvuka ukishuka. Tuanze hapo.

Gharama, kwa gramu na kwa dakika

Nta haipimwi kwa jicho wala kwa kikombe. Weka glasi tupu kwenye mizani ya jikoni, irudishe mizani kwenye sifuri, jaza maji hadi pale unapotaka nta iishie, soma uzito wa maji, kisha zidisha kwa 0.9. Nta ni nyepesi kidogo kuliko maji. Glasi iliyobeba maji gramu 200 itameza nta gramu 180.

Halafu kuna nta inayopotea. Ukiyeyusha kilo moja hutoi mishumaa ya kilo moja. Nyingine imeganda kwenye sufuria, nyingine kwenye jagi, nyingine imedondoka mezani. Weka asilimia 5 ya upotevu hadi utakapopima ya kwako. Kama parafini na stearini ya kuikaza vinakufikia kwa wastani wa shilingi 6,500 kwa kilo, nauli ya mzigo wa basi kutoka Kariakoo ikiwa ndani, basi gramu moja iliyoingia kwenye mshumaa haikugharimu 6.5. Ni karibu shilingi 7.

Bei zote zilizo kwenye jedwali ni za mfano. Futa, weka zako. Mpangilio ndio wa kuubakiza. Kazi imehesabiwa kwa shilingi 1,500 kwa saa, na uchakavu wa kalibu, sufuria, mizani na kipimajoto umewekwa shilingi 200 kwa kila bidhaa (vifaa vya shilingi 240,000 vikigawanywa kwa bidhaa 1,200 za mwaka).

| | Pakiti ya 6 (gramu 40 kila mmoja) | Glasi (gramu 180) | Kifuu (gramu 150) |
|---|---|---|---|
| Nta | 1,680 | 1,190 | 1,010 |
| Manukato au mafuta | – | 1,000 | 480 |
| Utambi na kibati chake | 180 | 200 | 200 |
| Chombo | – | 1,600 | 150 |
| Lebo na kifungashio | 100 | 650 | 100 |
| Moto | 100 | 60 | 60 |
| Kazi | 450 | 375 | 625 |
| Uchakavu wa vifaa | 200 | 200 | 200 |
| Jumla | 2,710 | 5,275 | 2,825 |

Glasi imeandikwa 1,600 ingawa dukani inauzwa 1,500, kwa sababu katika kila boksi linalosafiri kutoka Dar zitakuwemo zilizopasuka, na waliosalimika ndio wanaowalipia marehemu. Manukato ni gramu 10 kati ya zile 180 (nta ni 170), yaani karibu asilimia 6 ya uzito. Kuna wanaomimina asilimia 12 wakidhani harufu itakuwa mara mbili. Haiwi. Nta ikishashiba, mafuta yaliyozidi hutoka jasho juu ya mshumaa, utambi unaziba au unatoa moshi mweusi, na wewe umeongeza shilingi 1,000 kwenye gharama ili kuharibu bidhaa.

Angalia sasa mstari wa kazi. Kwenye glasi, kazi ni asilimia 7 tu ya gharama. Kwenye kifuu ni asilimia 22. Kifuu chenyewe hupatikana karibu bure. Popote penye mbuzi ya kukunia nazi, vifuu vimelala nje. Ndiyo maana watu hukiona ni mshumaa wa bei rahisi. Lakini kuna kukwangua nyuzi, kupiga msasa, kukausha, na kupanga utambi katikati ya chombo ambacho hakikai wima chenyewe. Asiyelipa dakika zake ataona gharama ni 2,200, atauza 3,000, na atashangaa kwa nini anachoka bila kupata kitu.

Kifuu kina mtego mwingine. Nazi ikivunjwa katikati hutoa nusu mbili zisizofanana: moja haina kitu, nyingine ina macho matatu, na jicho moja kati ya hayo ni laini. Nusu yenye macho huvuja nta ya moto hapo. Kuiziba ni dakika kama kumi zaidi, sawa na shilingi 250. Chagua nusu zisizo na macho, au hesabu muda wa kuziba. Na kwa kuwa kifuu chenyewe ni kuni, kibati cha utambi, kile cha chuma kinachoushika utambi chini, kiwe na shingo ya sentimita moja au zaidi, ili moto ujizime kabla haujafika chini.

Vifuu pia havilingani ukubwa. Kimoja kinachukua maji gramu 120, cha pembeni yake gramu 220. Tofauti hiyo ya gramu 100 za maji ni gramu 90 za mchanganyiko, karibu shilingi 900 za nta na mafuta. Ukiviweka kwenye meza moja kwa bei moja, wateja watakubebea vikubwa vyote mpaka viishe. Vitenge mafungu mawili kwa kipimo cha maji kabla ya kumimina, kila fungu na bei yake.

Njia ya kwanza: gharama na kuongeza faida

Uzuri wake ni kwamba haihitaji kumuuliza mtu. Inafaa sana kwa oda: sherehe ya harusi inayotaka vipande 80 vya rangi fulani, au parokia inayotaka mishumaa myembamba ya kushika mkononi kwa kesha la Pasaka. Mteja anataka kitu ambacho hakipo dukani, hakuna bei ya kulinganisha, basi wewe unapiga hesabu, unaongeza faida, unachukua nusu ya malipo kabla ya kununua nta.

Inapokosewa ni kwenye neno "asilimia 30". Glasi ya 5,275 ukiiongezea asilimia 30 unapata 6,857. Faida yako ni 1,582, ambayo ni asilimia 23 ya fedha iliyoingia mkononi, si 30. Kama unataka katika kila shilingi 100 unayopokea 30 zibaki, usizidishe kwa 1.3, gawanya gharama kwa 0.7. Hapo glasi inakuwa 7,536, kifuu 4,036, na pakiti 3,871. Mwenye duka akikuambia "mimi nakula asilimia 30", muulize ya bei ipi: ya kununulia au ya kuuzia. Kwenye boksi moja la mishumaa tofauti hiyo ni nauli ya kwenda Lindi na kurudi.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba haijui kilichopo nje ya jiko lako. Imesema pakiti ya mishumaa sita iuzwe 3,871. Nenda nayo dukani.

Njia ya pili: bei ya soko

Pakiti ya kiwandani yenye mishumaa ya ukubwa uleule tuseme inauzwa shilingi 2,000 mtaani. Kiwanda kinanunua nta kwa tani na mashine yake haichoki. Mnunuzi wa pakiti hiyo ananunua mwanga. Mshumaa wa gramu 40 unaoungua gramu 6 hivi kwa saa humpa saa sita na nusu au zaidi kidogo. Sita ni saa 40. Analipa shilingi 50 kwa saa moja ya mwanga, na hajali nani ameutengeneza.

Ukimfuata sokoni kwa 2,000 unapoteza 710 kwa kila pakiti. Hata ukijidanganya kwamba kazi na uchakavu si gharama, nta, utambi, moto na mfuko peke yake ni 2,060. Huu ndio msaada mkubwa wa njia ya soko: haikupangii bei, inakuambia bidhaa gani uache. Hapa hukumu yetu haina kona. Mshumaa mweupe wa kawaida haumlipi mtengenezaji wa mkono wa Mtwara wala Lindi, mwachie kiwanda. Bakiza kalibu zake kwa oda za rangi na za kanisa, ambako njia ya kwanza inafanya kazi.

Kwa glasi na kifuu, soko litazame lakini usilitii. Angalia mwenzako anauza ngapi, kisha pindua mshumaa wake usome uzito. Glasi mbili zinazolingana kwa nje zinaweza kutofautiana gramu 60 kwa sababu ya kitako kinene. Kushusha bei kumfuata mtu ambaye hajapima nta yake ni kumfuata kwenye hasara yake.

Njia ya tatu: mteja na kile anachokinunua

Glasi ile ya gramu 180 inaungua saa 30 hivi. (Usikisie: pima, washa kwa muda wa saa nne, zima, ikipoa pima tena, gawanya.) Kwa bei ya 10,000, saa moja ni shilingi 333, karibu mara saba ya mshumaa mweupe. Mnunuzi wa mwanga angecheka. Lakini mnunuzi wa glasi hanunui mwanga. Ananunua zawadi ya Idi, ya kipaimara, ya bibi harusi, au harufu ya sebuleni. Ukimpangia bei kutoka kwenye gharama utamuuzia 7,500 kitu ambacho angekilipia 10,000 bila kuuliza, na ambacho kwa 7,500 ndani ya mfuko wa nailoni angekiona si zawadi.

Njia hii inalipa kuliko zote, na ndiyo inayodai zaidi. Boksi liwe safi, lebo isitoke kwa unyevu, uzito na saa za kuungua viandikwe, utambi uwe umekaa katikati. Utambi mwembamba mno kwa upana wa mdomo wa glasi huchimba shimo katikati na kuacha nta ubavuni. Mteja anayeona nusu ya nta imebaki baada ya moto kuzima hatarudi, na ana haki. Mpana kupita kiasi hupaka glasi masizi. Kwenye kifuu cha mchaichai, andika harufu, usiandike kwamba kinaua mbu.

Hoteli na nyumba za wageni, iwe Mikindani, Msimbati au Kilwa Masoko, ni mteja wa aina nyingine kabisa. Hawanunui zawadi, wananunua jioni. Mshumaa ukiwashwa kwa muda wa saa nne kila usiku, glasi moja ni jioni saba. Kwao bidhaa bora ni kujaza upya: wanarudisha glasi, wewe huilipii 1,600 wala boksi la 500, gharama inashuka hadi 3,175. Bei ya 5,500 inakuachia 2,325 kwa kila glasi, zaidi ya kuwauzia mpya kwa bei ya jumla, nao wanaona wamepunguziwa karibu nusu. Hesabu muda wa kuosha: glasi iliyorudi inawekwa kwenye maji ya moto, nta inaelea na kuganda juu, unaitoa. Usiimwage kwenye sinki.

Kuhusu tarakimu: bei ya 9,900 ni ya supamaketi. Kwenye meza ya maonesho au kwa mtu aliyesimama na noti, chenji ya mia ni usumbufu kwenu wote wawili. Kifuu kidogo 4,000, kikubwa 5,000, glasi 10,000. Na atakayesema "Dada, nipunguzie basi" mwandalie kabla hajafika. Bei ya mwisho ya glasi moja iwe kichwani mwako, 9,000 kwa mfano, na punguzo kubwa litokane na idadi: vifuu vikubwa vitatu kwa 13,000. Kupunguza kwa sababu umeombwa humfundisha mteja kwamba bei ya kwanza haikuwa ya kweli.

Jumla au mali kauli?

Hapa ndipo watu hupoteza fedha wakidhani wanapata, kwa hiyo twende polepole. Duka la zawadi linakupa chaguo mbili kwa glasi 20 ambazo rejareja ni 10,000. Jumla: analipa leo, 7,000 kila moja. Mali kauli: unaacha mzigo, kinachouzwa anakulipa 8,000, kisichouzwa unakichukua.

Kwa jumla unapokea 140,000. Gharama ni 105,500, faida 34,500, na fedha iko mkononi kununua nta ya mzunguko unaofuata.

Kwa mali kauli, zote zikiuzwa, unapokea 160,000 na faida ni 54,500. Inavutia. Lakini zikirudi tatu zimefifia rangi kwa kukaa dirishani, umepokea 136,000 na faida ni 30,500, tena baada ya miezi miwili. Mpaka uko hapa: ukiuza 18, mali kauli imeishinda jumla kwa 4,000 tu, ukiuza 17, imeshindwa. Kwa hiyo kama unatarajia zaidi ya mbili kurudi, chukua 7,000 zako.

Mali kauli inafaa kufungulia duka jipya, kwa glasi sita, si 20, kwa muda ulioandikwa, na kwa maandishi yanayosema nani anabeba iliyovunjika au kulainika. Kulainika si jambo dogo ukanda huu. Kuanzia Novemba hadi Machi, mshumaa ulioachwa kwenye kioo kinachopigwa na jua au kwenye gari lililofungwa unaweza kuinama bila kuyeyuka. Nta laini ya soya, inayoyeyuka kati ya digrii 45 na 52, ni ya kuwekwa kwenye chombo tu. Mshumaa wa kusimama wenyewe unataka parafini ya digrii 58 hadi 60 au nta ya nyuki, inayofika 62 na zaidi. Peleka mzigo asubuhi.

Lini ubadilishe bei

Fedha ya korosho inaanza kuingia Oktoba minada inapofunguka, na hadi Januari sherehe huwa nyingi Newala, Tandahimba, Masasi na huku mjini. Usipandishe bei ya rejareja miezi hiyo; wateja wanaikumbuka ya Agosti. Punguza punguzo. Mwenye kuhitaji glasi 50 wiki ijayo halipi sawa na aliyeweka oda mwezi mmoja kabla.

Weka pia akiba ya nta ya mwezi mmoja na nusu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko na barabara ya kutoka Dar kuja Lindi ikakatika, mwenye oda iliyolipiwa na jiko tupu hakuwa na bei yoyote ya kumsaidia. Kila unapomtajia mteja bei ya oda kubwa, ongeza maneno "ni kwa siku 14".

Nta ikipanda, usipandishe kila kitu kwa asilimia ileile. Ikipanda asilimia 20, pakiti nyeupe inaongezeka 336 kwenye 2,710, na hiyo uliyokuwa unaibakiza kwa oda inabidi ihesabiwe upya siku hiyohiyo. Kifuu kinaongezeka 202. Glasi inaongezeka 238 kwenye 5,275, ambayo kwa bei ya 10,000 unaweza kuimeza. Glasi tupu zikipanda asilimia 20 ni 320, na hapo anayeumia ni huyohuyo wa glasi. Mwenye kifuu hata hatajua.